Kisima na Jiko la Shangazi Chumvi

Siku ambayo Wakili Subilaga Mwakatobe alibanwa na maneno yake mwenyewe ilianza kwa kuombwa picha.

Alikuwa amesimama kwenye veranda ya Baraza la Ardhi, pale Tukuyu, anakung'uta mwavuli. Mvua ya Tukuyu haikuwa imesikia kwamba dunia imeendelea. Ndegenyuki za mizigo zilipita juu ya mji zikiwa zimevalishwa makoti ya plastiki, watu walivaa viatu vinavyojikausha vyenyewe, na mvua ikawalowesha wote bila upendeleo, kama ilivyowalowesha babu zao. Mwanamume mmoja mrefu, wa umri wa miaka thelathini na kitu, alimkaribia huku ameishika simu kwa mikono miwili.

"Samahani, dada. Wewe si Wakili Subilaga? Wa *Sheria Jikoni*?"

"Ndiye mimi."

"Mungu wangu! Mimi nakusoma tangu nikiwa sekondari, Mwanza. Ile makala yako ya talaka na kabati la vyombo, nilimsomea mchumba wangu siku ya kwanza tuliyotoka pamoja."

"Talaka? Siku ya kwanza?"

"Alicheka mpaka akamwaga soda. Sasa hivi ni mke wangu."

Basi Subilaga akasimama, akatabasamu, wakapiga picha. Angekataa vipi? Mwandishi ni mwandishi hata akiwa amelowa. Alikuwa ameandika blogu ile miaka mingi, akieleza sheria za nchi kwa mifano ya chumvi, mwiko na chungu, na kila alipokutana na msomaji moyo wake ulijaa kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

"Na leo umekuja kwa shauri gani?" akamwuliza yule bwana.

"La kiwanja. Natwaa kiwanja cha urithi, kuna mama mmoja amekikalia. Naitwa Gwamaka Mwaipopo."

Tabasamu la Subilaga likabaki usoni, ila lilibaki peke yake. "Mimi ndiye wakili wa huyo mama," akasema.

Gwamaka akatazama picha waliyopiga, kisha akamtazama yeye. Hakuonyesha hofu hata kidogo. "Basi leo nitajifunza mengi," akasema kwa furaha ya kweli.

"Huna wakili?"

"Nina Kisima," akajibu Gwamaka. "Na kwenye Kisima, wakili, nina wewe."

*

Ndani ya ukumbi Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Chiwanga, mtu mnene mwenye subira na kikohozi, aliwasikiliza kwa zamu. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Marehemu Mzee Mwaipopo, baba mkubwa wa Gwamaka, alimpa Mama Atuganile kona ya kiwanja chake pale nyuma ya soko. Alimwambia mbele ya watu: pika hapa mpaka uchoke mwenyewe. Mama Atuganile akajenga jiko, akapika, wala hakuchoka. Mzee akafariki. Gwamaka akarithi, na sasa alitaka kubomoa ili ajenge kituo cha kutulia ndegenyuki. Kiwanja chenyewe alikuwa hajakikanyaga. Alikiona kwa picha ya kutoka angani, paa la bati lenye kutu na moshi, akaona anajua vya kutosha.

"Mwombaji, una hoja gani ya sheria?" akauliza Mwenyekiti.

Gwamaka akasimama, akakigeukia kioo kikubwa kilichokuwa ukutani.

Siku hizo hapakuwa na baraza wala mahakama iliyokosa kioo cha Kisima. Kisima kilikuwa kimemeza kila sheria, kila hukumu, na kila kilichowahi kuandikwa na wakili yeyote mwenye muhuri, na kila aliyeuliza alijibiwa hapohapo, mbele ya wote, kwa lugha aliyoulizia. Kila jibu lilitoka na jina la mwandishi wake na uzito wake. Uzito haukupatikana kwa cheo. Kisima kilifuatilia: nani alisoma maneno haya, akayatumia, na hayakumwangusha? Kadiri watu walivyosaidika, ndivyo maneno yalivyozidi uzito. Ndiyo maana maprofesa wengi walielea juujuu humo kama makumbi, na Subilaga wa *Sheria Jikoni* akawa amelala chini kabisa, pamoja na mawe.

"Kisima," akasema Gwamaka, "ahadi ya mdomo ya kutumia kiwanja, mwenye kiwanja akifa, inamfunga mrithi?"

Kioo kikajibu kwa herufi kubwa: HAIMFUNGI. NENO LISILOANDIKWA HUZIKWA NA ALIYELISEMA. Na chini yake: *S. Mwakatobe, Sheria Jikoni. Uzito wa juu.*

Ukumbi ukaguna. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Gwamaka, kwa heshima zote, akaendelea kwa kichwa bila hata kutazama kioo: "'Ahadi ya mdomo ni kama kande bila chumvi. Inashibisha leo, lakini kesho nani ataikumbuka? Mwambieni Shangazi Chumvi aombe karatasi.' Mheshimiwa, makala hii ndiyo iliyonifanya niipende sheria."

"Wakili msomi," Mwenyekiti akasema, akikohoa ili asicheke, "naona leo una mpinzani mgumu. Tutapumzika kwa chai. Tukirudi, nitataka jibu lako."

*

Mama Atuganile alikuwa amekaa kwenye benchi la veranda na kapu lake la chupa za chai, maana hata siku ya kufukuzwa kwake hakuona sababu ya watu kukaa na njaa. Akammiminia Subilaga kikombe.

"Hebu nieleweshe, mwanangu. Yale maneno ukutani ni ya kwako?"

"Ya kwangu, mama."

"Uliyaandikia wapi?"

Subilaga akashindwa kumtazama. "Jikoni kwako."

Ndivyo ilivyokuwa. *Sheria Jikoni* haikuwa jina la kubuni. Alipotoka chuoni hakuwa na ofisi wala mteja, alikuwa na kigoda cha miguu mitatu kwenye kona ya jiko la Mama Atuganile, na hapo aliandika huku mama huyo akimtilia kande na kumwuliza maswali ya mtu asiyesoma sheria. Jibu lililomwingia Mama Atuganile ndilo lililokwenda kwenye blogu. Lakini mawakili wanaoandika blogu wana mwiko wao: watu hubadilishwa majina, mahali huvurugwa, ili siri ya mtu isianikwe. Basi Mama Atuganile akawa Shangazi Chumvi, na Tukuyu ikawa "mji mmoja wenye matope". Subilaga alilificha jiko lile vizuri mno kiasi kwamba nchi nzima ililijua na hakuna aliyejua liliko.

Na karatasi? Karatasi aliitaka. Alimsihi Mama Atuganile aandikishane na Mzee Mwaipopo, naye akakataa katakata. Mzee alikuwa ameshaanza kuumwa. "Nimpelekee mgonjwa karatasi ya siku atakapokufa? Ataona namchimbia kaburi," alisema. Subilaga akanyamaza, akala kande zake, akaenda kuwashauri watu baki. Mganga hajigangi.

"Kwa hiyo ukiyafuta," Mama Atuganile akasema polepole, "yule kijana hana kitu?"

"Atakuwa na kitu kidogo. Sheria bado ipo kwenye vitabu, lakini bila makala yangu Kisima kitajibu kwa maneno ya wengine, mepesi, yanayopingana. Hapo naweza kushindana naye."

"Na kufuta ni kazi kubwa?"

"Kubonyeza tu." Aliitoa simu. Makala ilikuwa wazi mkononi mwake. "Mwandishi akibadilisha neno lake, Kisima kinalibadilisha saa hiyohiyo. Na hakitunzi ya jana. Hakuna atakayeweza kuthibitisha."

"Ah, sasa!" Mama Atuganile akapiga paja. "Maneno ni yako. Mtu akitema mate yake nani atamdai? Futa, mwanangu, tunywe chai kwa amani."

Subilaga alitaka kufuta. Tusimpake mafuta: alitaka sana. Alimpenda mama huyu kuliko alivyoipenda sheria, na jiko lile lilikuwa ndicho kitu pekee duniani ambacho hakuwahi kukiogopa. Tena akili yake ya uwakili ikamletea njia ya ujanja zaidi. Asifute. Aongeze neno moja tu, *huenda*. "Huenda neno lisiloandikwa huzikwa na aliyelisema." Neno dogo, la adabu, wakili gani asiyelitumia? Lakini Kisima kikiona *huenda* kinajua mwandishi ameanza kusitasita, na uzito wote unamwagika.

Akaandika *huenda*. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

Chini ya makala palikuwa na maoni ya wasomaji, na jicho lake likaangukia moja, la mwanamke wa Kyela: *Dada, nilikusoma nikamwambia mume wangu tuandike. Amefariki Jumapili. Shemeji zangu wamekuja, nimewaonyesha karatasi, wameondoka. Mungu akupe maisha.* Chini yake mwingine, wa Mpanda. Chini yake mwingine. Na saa hiyo, akijua namna Kisima kinavyofanya kazi, palikuwa na mtu mahali fulani ameinamisha ndoo yake. Anauliza swali lilelile. Mama wa mtu mwingine.

"Mama," akasema. "Watu wanakunywa humu."

Mama Atuganile akamgeukia. Hakuelewa mambo ya uzito na vitufe, lakini kisima alikielewa. Amechota maji tangu utotoni.

"Kuna mtoto wa mtu atakunywa tope?"

"Wengi."

Mama akafunga chupa ya chai, akakikaza kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Basi acha. Nitapika barabarani. Barabarani pia watu wana matumbo." Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge, na Subilaga akafuta neno *huenda*, herufi moja baada ya nyingine, naye akilia waziwazi kwenye veranda ya serikali.

*

"Wakili msomi," Mwenyekiti akasema waliporudi, "yale maneno kiooni ni yako. Je, unayasimamia?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Gwamaka naye akamgeukia. Alikuwa akimwogopea kama shabiki anavyomwogopea mchezaji wake.

"Nayasimamia, Mheshimiwa. Yalikuwa kweli nilipoyaandika, na leo ni kweli."

"Kwa hiyo mjibu maombi hana hoja?"

"Ana ombi. Jiko alilijenga kwa mikono yake, na mrithi akitwaa kiwanja lazima jiko litathminiwe, alipwe. Huwezi kulitathmini kwa picha ya angani. Naomba Baraza litembelee eneo la mgogoro."

Hiyo ilikuwa desturi ya zamani sana, ya kabla ya vioo na ndegenyuki: kwenye shauri la ardhi, baraza huinuka likaenda kukanyaga ardhi yenyewe. Mwenyekiti alitazama dirishani, akaitazama mvua, akavitazama viatu vyake.

"Twendeni," akasema kwa huzuni.

*

Mlango wa jiko ulikuwa mfupi. Mwenyekiti akagonga kichwa. Karani wa baraza akagonga kichwa. Gwamaka, mrefu kuliko wote, akagonga kwa kishindo cha kuyatikisa mabati, akashika paji la uso na kucheka.

"Kama mlango wa Shangazi Chumvi," akasema. "'Mlango unaomfundisha kila mtu kuinama kabla hajaomba.'"

Akasimama, macho yakizoea moshi. Kulikuwa na kigoda kwenye kona, cha miguu mitatu, mmoja umefungwa kamba. Kulikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa jalada la kitabu cha sheria za mikataba. Kwenye mafiga kulikuwa na chungu kikubwa cha kande, na pembeni yake sufuria nyeusi isiyo na mkono.

Gwamaka akaacha kucheka.

"Mama," akasema polepole, "ile sufuria ina jina?"

"Ile?" Mama Atuganile alikuwa akikoroga, hakugeuka. "Ile inaitwa Rufaa. Chakula kikiungua kwenye chungu nakihamishia mle, nakiongezea maji na kitunguu, kinapata nafasi ya pili. Huyu binti ndiye aliyeibatiza."

Gwamaka akakaa. Alitaka kukaa kwenye kigoda, akajizuia kama mtu aliyekaribia kukalia kiti cha askofu, akachuchumaa ukutani. Alimtazama Subilaga kwa uso wa mtu aliyelaghaiwa na rafiki.

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Siri ya mteja. Tena ningekuwa nakuomba huruma badala ya kukujibu sheria."

"Miaka yote hii nilidhani ulilibuni." Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Nimeishi humu, wakili. Baba alipofariki nilikuwa bwenini. Kila Ijumaa usiku nilisoma makala mpya nikasikia kama kuna mtu ananipikia. Halafu mimi ndiye... Mimi nilitaka kutua midege humu!"

Mama Atuganile alikuwa hajaelewa yote, ila alimwelewa mtu mzima aliyechuchumaa ukutani na macho mekundu. Akamtilia bakuli. "Kula kwanza, baba. Utanifukuza ukishashiba."

Akala. Mwenyekiti naye akala, kwa madai kwamba ni sehemu ya tathmini, akaongezwa. Gwamaka alipomaliza akaweka bakuli chini na kusema mbele ya wote kwamba anaondoa ombi lake.

Wakili mwingine angekimbilia kuandika hilo kabla mtu hajabadili mawazo. Subilaga akainua mkono.

"Subiri. Gwamaka, sheria iko upande wako, nimesema hivyo barazani. Usiache haki yako kwa sababu ya kande. Nenda ukalale nayo, umwulize wakili mwingine asiye mimi."

"Nimeshauliza," akasema Gwamaka. "Makala yako ya haki na ugali. 'Haki ni kama ugali wa moto: ni wako wote, lakini hakuna sheria inayokulazimisha uumalize peke yako.'"

Mwenyekiti akakohoa kwa muda mrefu, na safari hii hakikuwa kicheko.

*

Jioni ile Subilaga aliandika makala mpya. Ile ya zamani hakuigusa hata nukta. Kwa mara ya kwanza alilitaja jiko na mwenye jiko, kwa ruhusa yake ("Taja tu, nimechoka kuitwa Chumvi," Mama Atuganile alisema), akasimulia kila kitu, pamoja na lile neno *huenda* na kidole chake kilivyotaka kulibonyeza. Alidhani uzito wake utashuka. Nani anamwamini wakili aliyekaribia kuchafua kisima?

Jumamosi, akiwa njiani kwenda jikoni na karatasi mkobani, alipigiwa simu na wakili mwenzake wa Songea, amefura.

"Subilaga, umenifanyia nini? Jana nimeuliza Kisima habari ya ahadi ya mdomo, mbele ya Baraza. Kimejibu haimfungi mrithi. Safi. Halafu kimeongeza: 'Kabla ya kubomoa, ingia ndani ule kwanza.' Kwa jina lako, uzito wa juu! Mwenyekiti amesoma, ameahirisha shauri, amenipeleka mimi na mpinzani wangu kwenye banda la bibi mmoja tukale mihogo!"

"Na ikawaje?"

"Mihogo ilikuwa mizuri," yule wakili akakiri, akakata simu.

Gwamaka alikuwa ameshafika, amegonga kichwa tena. Kituo chake kitajengwa juu ya paa, mabati mapya, na ndegenyuki zitabeba kande mpaka Katumba zikiwa bado za moto. Yalibaki maandishi. Mama Atuganile akaosha mikono, akajifuta, akakaa mbele ya karatasi kana kwamba ingemng'ata.

"Nisomee," akamwambia Subilaga. "Ile sehemu ya mimi."

Subilaga alikuwa ameandika mikataba mingi, yenye vifungu na vifungu vidogo. Huu aliuandika kwa namna nyingine. Akasoma:

"'Atuganile atapika hapa mpaka achoke mwenyewe.'"

Mama Atuganile akaisogelea karatasi. Moto ukalia kwenye mafiga.

"Hayo ni maneno ya Mzee," akasema. "Ndivyo alivyosema. Neno kwa neno."

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Nami nilidhani nikimwandikisha nitamwua." Akaligusa neno la kwanza kwa ncha ya kidole, kisha la mwisho. "Kumbe humu ndimo angeishi."

Akatia sahihi, herufi kubwa zilizoinama kidogo. Kisha akamwambia Gwamaka akanawe mikono, kande zimeiva.